Jina la Kitu Kilicho Mlangoni

Mama Kadi alikuwa amefika kwenye tofauti kati ya tonge na donge, na rula ilikuwa bado chini ya kalamu yake, mlango ulipogoma kufunguka zaidi ya upana wa kiganja. Nje alisimama tarishi na kikombe cha chai. Alisukuma kwa bega mara mbili, akaacha. Mama Kadi akamalizia kwanza sentensi aliyokuwa ameianza: "Tonge ni la mkono na la mdomo; hufinyangwa na mlaji mwenyewe, na maisha yake ni mafupi." Kisha akaifunika kalamu, akaenda kuangalia.

"Kimekua tena," tarishi akasema kupitia upenyo.

"Kimekua," Mama Kadi akakubali, akapokea chai.

Kitu chenyewe kilikuwa kimeota sakafuni, upande wa ndani, karibu na kizingiti. Kilianza miaka sita nyuma, siku ombi lake la kwanza la likizo liliporudi likiwa limeandikwa kwa wino mwekundu: Baada ya kumaliza kundi. Siku ile kilikuwa kama punje ya dengu iliyonaswa chini ya zulia la plastiki. Ombi la pili liliporudi kikawa kama yai. Mama Kadi alikuwa na tabia ya kuandika jambo lolote lililotokea mara mbili, kwa hiyo alianza kukipima kwa uzi na kuandika vipimo nyuma ya kalenda. Ombi la saba liliporudi tarishi alikuwa akiegesha kikombe juu yake huku akisaini daftari. Jumatatu hii, saa mbili asubuhi, lilirudi ombi la kumi na moja. Alilisoma, akalitia kwenye faili pamoja na wenzake kumi, akarudi kwenye kadi ya tonge. Ilipofika saa nne kitu kilikuwa kimefika kiunoni na kuubana mlango.

Ofisi ile ilitengeneza kamusi ya visawe. Maneno ya maana moja yaliwekwa kundi moja, na kazi ilikuwa kueleza kwa nini watu hawakutosheka na moja tu. Kila neno lilitakiwa liwe na kadi yake, na kila kadi sentensi mbili zilizosikika kutoka kinywani mwa mtu, zikiwa na tarehe na kazi ya msemaji. Sentensi ya kutunga haikukubaliwa. Mama Kadi alifika pale miaka kumi na tisa iliyopita kufagia. Kadi zilizoanguka aliziokota akazisoma, na zile zilizokosewa alizirudisha mezani zikiwa na alama ndogo ya penseli. Baada ya mwaka mmoja alama zake zilikuwa nyingi kuliko maandishi ya wenyewe, wakampa chumba na meza. Kwenye orodha ya watumishi bado aliandikwa msafishaji, kwa kuwa orodha ilikuwa imeshapigwa chapa.

Likizo ilitolewa kundi moja likiisha na kabla ya jingine kuanza. Kundi lake la sasa lilikuwa la vitu vya mviringo vilivyojaa, na mkurugenzi alilipenda mno. Kila lilipokaribia kuisha alileta neno jingine. Alileta bonge. Mama Kadi akasikiliza watu miezi minne na kugundua kwamba bonge lina watu wawili ndani yake: fundi bomba aliyesema "nipe hilo bonge la sabuni" alikuwa akisema umbo, lakini mpita njia aliyesema "bonge la gari" alikuwa akisema mshangao, maana gari halikuwa la mviringo hata kidogo. Mkurugenzi akaleta bumba. Akaleta fundo. Donge peke yake lilichukua mwaka mzima, kwa sababu watu walilitia damu, unga na uchungu wa moyo. Mfano wake mzuri kuliko yote aliupata kwenye foleni ya benki, kwa mjane aliyejishika chini ya shingo akamwambia mwenzake, "Limenikaa hapa, haliendi juu wala chini."

Ombi la kumi na moja halikuwa la kwenda kupumzika. Dada yake, fundi cherehani, alikuwa apasuliwe shingo Alhamisi saa tatu. Daktari alikuwa ameandika uvimbe. Dada mwenyewe alikiita kinundu. Mume wake alikiita kidonge, na kila alipokitaja kilizidi kuwa kidogo. Shemeji huyu alikuwa mpaka rangi, mtu wa moyo mwema asiyeweza kumpa mtu habari mbaya. Paa lao lilipoezuliwa na upepo, aliwaambia majirani kwamba nyumba imepata hewa. Ndiyo maana dada alitaka ndugu wa kukaa na daktari awe Mama Kadi. Alikuwa amemwambia wazi: "Mimi sitaki kushikwa mkono. Nataka mtu wa kuniambia neno lenyewe."

Fundi wa matengenezo alikuja mchana ule ule na nyundo yake kubwa. Aliingiza mkono kwenye upenyo, akakigonga kitu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akatoa fomu mfukoni. Mstari wa nne uliuliza jina la kitu.

"Nyundo ninayo, Mama Kadi," akasema. "Jina sina."

Alieleza bila haraka kwamba mwaka jana alivunja kizingiti, kumbe kwenye vitabu kilikuwa kidaraja, akaamriwa akijenge upya kwa mikono yake. Tangu hapo havunji kitu kisicho na jina. Mama Kadi hakumlaumu. Mtu aliyepima vitu kwa majina miaka kumi na tisa hakuweza kumlaumu.

Akaandika bonge, kwa kuwa ndilo neno pana kuliko yote. Fomu ikarudi jioni kutoka bohari. Bohari walisema bonge ni kitu kinachobebeka, na kama kweli ni bonge basi akilete kabla ya saa kumi na moja wakiandikishe. Usiku ule alilala ofisini juu ya majalada ya herufi A. Chumba kilikuwa na sinki na choo kidogo, kwa sababu zamani kilikuwa maabara ya kupima maji, na dirisha lake lilikuwa na nondo kutoka zama hizo hizo.

Jumanne asubuhi tarishi alipitisha mkate kwenye upenyo na kumshauri aandike tuta. "Watu wa barabara hawana kazi siku hizi," akasema, "watakuja mbio." Mama Kadi aliitazama kadi yake ya tuta. Ilisema tuta hutengenezwa na mtu kwa makusudi. Hakuwa na hakika, lakini Alhamisi ilikuwa karibu, akaandika. Watu wa barabara walikuja kweli, wawili, wakafurahi, wakakipiga rangi nyeupe na nyeusi kupitia upenyo, wakatundika kibao cha Punguza Mwendo, wakaenda zao.

Baada ya hapo fundi aliung'oa mlango. Mlango ni mlango, alisema, jina lake linajulikana, na hilo aliweza kulifanya bila fomu. Aliumaliza kwa dakika kumi na kuuegemeza koridoni. Nyuma yake kitu kilikuwa kimeshajaza fremu yote hadi juu, isipokuwa upenyo ule wa kiganja upande wa kulia, usawa wa kifua. Fundi akakisifu kwa jinsi kilivyokaa sawasawa kwenye fremu. Milango mingi aliyoitia yeye haikukaa hivyo.

Jioni dada alikuja. Mama Kadi alimtambua kwa vishindo vya miguu, maana dada alitembea kama anayekanyaga cherehani.

"Mdogo wangu, huko ndani unakula?"

"Nakula, dada."

"Unaoga?"

"Kwenye sinki."

"Basi umenishinda. Mimi tangu Ijumaa naogopa hata maji yasikiguse." Akakitazama kitu cha mlangoni. "Hiki chako nacho ni kikubwa. Tukivipeleka pamoja, daktari ataanza na chako."

Walicheka, kila mmoja upande wake. Kisha Mama Kadi akapitisha mkono kwenye upenyo hadi begani, na dada akainama kidogo ili shingo ifikike. Mama Kadi alikigusa kitu cha dada kwa vidole vitatu, kama alivyozoea kushika kadi. Aliuliza kama kinauma, akaambiwa hakiumi. Aliuliza kama kinasogea, dada akasema kilikuwa kikisogea mwezi uliopita, sasa kimetulia. Kilikuwa na joto la ngozi ya kawaida. Hakikuwekwa pale na mtu. Kilikuwa kimetoka ndani.

Wakati huohuo dada, akiwa ameinama, alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kitu cha mlangoni ili asianguke.

"Hata hiki kina joto," dada akasema.

Mama Kadi akaweka mkono wake mwingine juu yake kwa upande wa ndani. Dada alisema kweli. Walikaa hivyo kitambo, mpaka mkono wa Mama Kadi ukafa ganzi. Dada aliuliza mara moja tu kama atakuja Alhamisi, na Mama Kadi akajibu kwamba neno amelipata, atakuja.

Jumatano saa moja na nusu aliandika kwenye mstari wa nne: uvimbe. Nyuma ya fomu akaongeza sababu, ijapokuwa hazikuombwa. Kina joto. Hakikuwekwa juu na mtu, kimetoka ndani. Kilianza kidogo, kikapewa sababu, kikakua. Akampa tarishi. Kitengo cha afya kilirudisha fomu baada ya saa moja kikisema neno ni sahihi, sababu zinatosha, na fundi anaweza kukata leo hii, ila lazima mwenye mwili asaini.

Saa sita mkurugenzi alikuja mwenyewe, amebeba kiti chake. Alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio uliomfanya awe mgumu kukatalika. Alikaa karibu na upenyo, akauliza habari za usiku, akasikitika kwa hali ya majalada ya herufi A. Kisha akaifungua fomu magotini.

"Uvimbe ni neno zito, Mama Kadi."

"Ndilo lenyewe, mkurugenzi."

"Sibishi. Sababu zako nimezisoma, ni nzuri. Lakini uvimbe una mwenye mwili. Nikisaini hapa, ni nani nitakuwa nimesema anaumwa?"

Mama Kadi akafikiri, kwa sababu swali lilikuwa zuri. "Idara," akasema.

"Idara haiumwi."

Akasema hivyo bila ukali, kama anayesahihisha tarehe. Akaeleza kwamba idara ikishaandikwa mgonjwa watakuja watu wa kuuliza ilianza lini, imekula nini, na nani aliona akanyamaza. Wataomba faili. Wakiomba faili watakuta barua kumi na moja, na wino mwekundu. Yeye hakuogopa kwa nafsi yake, alisema, bali kwa kazi. Kamusi inaweza kusimama. Kisha akauliza kama kundi halina neno jingine, jepesi kidogo. Nundu, kwa mfano. Nundu ilibakiza sentensi ngapi?

Nundu ilibakiza sentensi moja. Ya kwanza aliipata kwa mfugaji miaka miwili iliyopita: "Ng'ombe huyu nundu yake imelala, hajashiba." Ya pili haikupatikana, kwa sababu mjini watu hawakuwa na la kusema juu ya nundu, na tonge likiwa limekwisha, ndilo neno pekee lililolizuia kundi kufungwa.

"Lakini nundu haikatwi, mkurugenzi," Mama Kadi akasema. "Mnyama huzaliwa nayo. Anaweka akiba humo."

"Sahihi kabisa. Andika hivyohivyo." Mkurugenzi akakohoa kidogo, akanyoosha mgongo kitini, akatamka taratibu: "Ofisi yetu ina nundu." Kisha akasema, "Hiyo umeisikia kutoka kinywani mwa mtu. Tarehe ya leo. Msemaji, mkurugenzi. Kundi limeisha, na likizo yako inaanza kesho. Siku tatu."

Mama Kadi alirudi mezani. Aliiweka kadi ya nundu kulia na fomu ya uvimbe kushoto, akazitazama kwa muda mrefu. Fomu bila saini ya mwenye mwili ilikuwa karatasi tu, na saini haikuwa inakuja. Kadi ilikuwa na likizo ndani yake. Alifikiri kwamba mtu mwenye likizo, hata kama hawezi kutoka, angalau ana barua ya kumwonyesha fundi, na fundi ana moyo. Pengine kwa barua mkononi fundi angekata upande mmoja tu, kiasi cha mtu kupita kiubavu. Hakuwahi kuandika kadi asiyoiamini. Aliandika sentensi ya mkurugenzi neno kwa neno, tarehe, kazi ya msemaji. Akasaini.

Alipoinua kalamu kitu cha mlangoni kilikuwa kimeshaanza kupoa. Kilifanya hivyo pole pole, kuanzia juu. Zulia la plastiki likajivuta likakaza juu yake, rangi nyeupe na nyeusi ya watu wa barabara ikanyooka, na kufikia saa tisa kilikuwa kigumu na laini kama kitu kilichozaliwa na jengo. Upenyo ulibaki wa kupita karatasi. Barua ya likizo ilipita bila kukunjwa.

Fundi alikuja jioni, akaisoma barua kwenye nakala aliyopewa na tarishi. Akakigonga kitu kwa kidole.

"Sasa kina jina," akasema kwa huzuni. "Nundu. Ningekata nundu ya watu, Mama Kadi, mimi na wewe tungekuwa watu gani?"

Mkurugenzi akapita akielekea nyumbani na kumtakia likizo njema.

Alhamisi Mama Kadi aliamka saa kumi na moja. Aliosha uso, akavaa viatu vya kutokea, akakaa kitini na mkoba mapajani. Hakugusa kadi, kwa kuwa mtu aliye likizoni hafanyi kazi. Saa tatu aliinamisha kichwa. Saa nne tarishi alipitisha gazeti ukurasa mmoja mmoja, akamweleza kwamba koridoni watu wameanza kutundika makoti kwenye nundu, na kwamba ni imara. Saa nane simu iliita.

"Kimetoka, shemeji," alisema mpaka rangi. "Kakitu kadogo tu. Yuko salama, anakusalimu."

"Alhamdulillahi. Daktari amesema ni nini?"

"Amesema."

"Amesema neno gani, shemeji?"

Nyuma ya shemeji kulikuwa na sauti ya magurudumu ya kitanda. "Refu," akasema hatimaye. "Nilikuwa nimesimama. Nikajikuta nimekaa. Neno lenyewe halikunikaa." Kisha akaongeza kwamba kitu kimetiwa kwenye chupa, na kwamba kwenye chupa kinaonekana kidogo zaidi.

Dada alipiga mwenyewe jioni. Sauti yake ilikuwa nzito na ilipita kwenye bandeji.

"Hukuja."

"Sikuja, dada. Nisamehe."

"Wamekunyima likizo?"

"Wamenipa. Niko likizoni sasa hivi."

Dada hakushangaa. Alisikika akimeza mate kwa taabu. "Huyu mume wangu nimemwuliza mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza kilikuwa kidonge. Mara ya pili, chunusi. Usiku ukiingia kitakuwa hakijawahi kuwepo, na mimi nimepasuliwa bure."

"Daktari anapita lini tena?"

"Kesho asubuhi. Lakini hasemi na mgonjwa, anasema na ndugu. Na akipita, simu wanazikusanya."

"Mwambie shemeji achukue karatasi. Aandike kila herufi."

"Ataandika anachotamani, mdogo wangu. Unamjua." Akahamishia simu sikio la pili. "Ungekuwepo wewe ungelishika hata kama ni refu. Ungeniambia hivihivi, nikajua moja."

"Ningekuambia."

"Najua. Lala sasa, na mimi nilale."

Mama Kadi akaweka simu chini. Koridoni mtu wa mwisho alichukua koti lake kwenye nundu, taa zikazimwa, ikabaki yake. Alikaa na mkoba mapajani kitambo kingine, kisha akautundika kwenye msumari, akavua viatu, akasogea mezani. Alivuta kadi mpya, ya kijani upande mmoja na nyeupe upande mwingine, akapiga mistari kwa rula. Upande wa kijani, ambako neno lenyewe huandikwa, hakuandika kitu. Upande mweupe akaandika tarehe ya kesho, na chini yake, kwa mwandiko mdogo: Msemaji, daktari, akimwambia ndugu wa mgonjwa. Mahali pa sentensi akapaacha wazi. Akaifunika kalamu, akaisimamisha kadi dhidi ya kikombe ili asubuhi iwe ya kwanza kuonekana, akazima taa.